Boga Lililoota Chini ya Kiyoyozi

Mkiletewa boga msilolijua, msilitazame boga. Najua ni vigumu. Boga ndilo lenye rangi na nundu na tumbo, na mwenyewe kalikumbatia kifuani, anasubiri mseme neno. Nyinyi tazameni kikonyo kwanza, kisha jani, kisha ulizeni ua lake hufunguka wakati gani. Boga lenyewe liwe la mwisho.

Hayo alinifundisha Mzee Humaid, katika chumba cha nyuma cha kituo cha kilimo, nilipoajiriwa nikiwa msichana wa miaka ishirini na tatu. Kazi yangu ilikuwa hiyo hiyo mpaka nilipostaafu: watu wa Maskati na vitongoji vyake walileta kitu kilichoota nyumbani kwao, nami nikawaambia ni kitu gani. Wengine waliita utaalamu. Marehemu mama yangu aliita kazi ya kuwaambia watu majina ya majani, na mpaka anafariki hakuacha kustaajabu kwamba serikali inatoa mshahara kwa jambo hilo.

Sasa nyinyi vijana mnaoanza kazi hii mna simu. Mnapiga picha, simu inawatajia jina, mnakunywa chai. Siwalaumu, hata mimi miguu ikiuma hutamani ningekuwa na kitu kama hicho wakati ule. Lakini boga ninalotaka kuwasimulia, binti yangu alilipiga picha mara tatu. Mara ya kwanza simu ilisema ni tikiti. Akazunguka upande wa pili, ikasema ni kusa, yale madogo tunayoyajaza nyama na wali. Mara ya tatu ilisema ni kobe.

Mzee Humaid alikuwa mtu wa Suhar. Unguja hakuwahi kuitia machoni, na Kiswahili chake chote alikipata kwetu sisi wafanyakazi tuliotoka huko, kwa hiyo kilikuwa Kiswahili cha kula tu: mkate wa kumimina, mbaazi, leta sukari. Yaliyobaki alisema kwa Kiarabu. Alikuwa na mchezo wake. Alitufunga macho kwa kilemba chake na kutuwekea vikonyo vikavu mkononi, kimoja kimoja, tuseme ni vya nani. Boga letu la pwani, lile la kupika kwa nazi, kikonyo chake ni kigumu, kina kingo tano, na pale kinaposhika boga kinatanuka kama mguu uliokanyaga tope. Kusa na jamaa zake wana kikonyo chenye kingo kali na miba inayochoma vidole. Na yale maboga makubwa ya nchi za baridi na za milimani, kikonyo chao ni cha mviringo, kinene, laini, ukikibonyeza unahisi kizibo cha chupa. Nilikosea wiki nzima. Wiki ya pili vidole vikajua vyenyewe, na mpaka leo nikienda sokoni Sib nashika vikonyo kabla ya kuuliza bei, wauzaji wananicheka.

Siku moja alituambia sisi wasichana wawili wapya tusipande basi la wafanyakazi, tungoje. Tulikaa kwenye mkeka mbele ya uchanja wa mung'unye. Jua lilikuwa linashuka, joto limelegea, harufu ya majani yaliyomwagiwa maji inapanda. Tulidhani ametusahau. Kisha ua moja jeupe lilitikisika, hapakuwa na upepo, likafunguka polepole mbele ya macho yetu, kisha jingine, kisha mengine mengi, mpaka uchanja mzima ukawa mweupe, na adhana ya magharibi ikaanza. Baadaye Mzee Humaid akasema boga huamka alfajiri na ua lake ni la manjano, likifika adhuhuri limekwisha kulala. Mung'unye huamka watu wanapokwenda kuswali magharibi. Ukitaka kujua jina la mtu, alisema, uliza anaamka saa ngapi. Nimeona mambo mengi katika kazi hii, lakini nikifumba macho ninachokiona mara nyingi ni uchanja ule.

Si kwamba kazi yote ilikuwa ndoto. Alikuja bwana mmoja na kitu kirefu amekifunga kwenye shuka, ametembea nacho anakificha watu wasikihusudu, akasema ni tango la ajabu. Lilikuwa dodoki, la kusugulia mgongo. Mwingine alichukua mbegu za vibuyu vya mapambo vilivyowekwa kwenye meza ya hoteli, akazipanda, akapata maboga madogo mazuri yenye mistari, akawaalika wakwe zake kula. Yalikuwa machungu, kila aliyekula aliharisha, na ndoa ya binti yake ikaahirishwa. Kwa hiyo shikeni hili: kitu chochote cha jamii ya boga msichokijua, kateni kipande chembamba kibichi, kigusisheni ncha ya ulimi. Kikiwa kichungu, temeni, mtupe boga zima. Uchungu ule hauondoki kwa nazi wala kwa sukari, na unaweza kumlaza mtu hospitali.

Nimezunguka sana. Mtu mzima akizunguka hivi mjue kuna mlango hataki kuufungua.

Mwaka wangu wa kwanza kazini alikuja Bibi Moza. Mama yangu alimjua tangu Unguja, walikuwa mtaa mmoja. Alikuja na kifurushi cha kitambaa cha kanga, kimefungwa kwa uzi, kinanuka udi, maana alikiweka ndani ya kasha pamoja na nguo zake na kila Ijumaa akikifukiza pamoja nazo. Ndani mlikuwa na mbegu arubaini na moja za boga. Alizitoa Unguja walipohama, na huku kila mwaka alipanda kidogo na kuweka kidogo. Mwaka ule mmea wake ulishikwa na ugonjwa, majani yakawa na mabaka, boga halikupatikana hata moja. Zilizobaki ndizo hizo. Alikuwa amesikia kwamba kituo kinatibu mbegu kwa maji ya moto, na ni kweli, tulikuwa tukifanya hivyo. Maji yanapashwa moto kiasi maalumu, mbegu zinakaa humo kwa muda maalumu, vijidudu vya ugonjwa vinakufa na mbegu inabaki hai. Kinachotakiwa ni mtu akae hapo hapo, asiondoe jicho kwenye kipimajoto.

Mzee Humaid alikuwa Makka, amekwenda kuhiji. Nilikuwa peke yangu na nilijiona mkubwa. Nikapasha maji, nikazitia mbegu. Mara nikasikia kelele ukumbini: mwenzetu mmoja ameoa, ameleta halwa. Mnajua halwa ikifunguliwa ukumbini, sinia limezungukwa, dalla, birika la kahawa, linapita, anayekataa anaonekana ana kiburi. Nikasema tonge moja tu nirudi. Tonge likawa matano. Kahawa ikaja, nikatikisa kikombe cha tatu kuonyesha nimetosheka, na mazungumzo yalikuwa matamu.

Niliporudi maji yalikuwa yanafuka moshi.

Nilizitoa, nikazianika. Kwa macho hazikuwa na kasoro, nyembamba, rangi ya kahawia hafifu, na ule ukingo wake mweusi uliochanikachanika. Nikachukua tano nikaziviringisha katika kitambaa kibichi, kama tunavyofanya kujaribu mbegu kama zi hai. Siku nne, siku sita, siku kumi. Zilioza. Nililia chooni, nikanawa uso, nikazifunga zilizobaki kwenye kanga ile ile. Juu yake nikabandika kikaratasi, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa shule: Mbegu za boga. Zimetibiwa. Ziko salama. Nikatia saini.

Bibi Moza alipokuja kuzichukua alizihesabu palepale, moja moja, juu ya meza. Akaniuliza tano ziko wapi. Nikamwambia zilikuwa mbovu, tumezitupa. Akanishukuru, akaniombea dua nipate mume mwema. Mume mwema nilimpata, na kila aliponifanyia wema niliikumbuka ile dua.

Mzee Humaid aliporudi sikumwambia. Nilikuwa naogopa kufukuzwa, kisha nikawa naona aibu, kisha yeye mwenyewe akafariki. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miaka arubaini.

Kilichonisaidia kunyamaza ni kwamba Bibi Moza hakuzipanda. Mwaka ule walihamia ghorofani Ruwi, hapakuwa na udongo. Kifurushi kikarudi kwenye kasha. Alipokuwa mgonjwa wa kufa alimpa binti yake mkubwa, Bi Thuwaiba, akamwusia: ukipata ardhi, zipande, lile boga lisipotee. Bi Thuwaiba alipata nyumba Sib miaka michache baadaye. Lakini ua ulitandikwa vigae kwa ajili ya magari, yeye alikuwa mwalimu, watoto wanasoma, akawa anasema mwakani, mwakani. Ikapita miaka ishirini na mbili. Alinieleza hayo mara nyingi, maana ni kama dada yangu, na kila akieleza sauti yake hushuka. Aliamini mbegu zimekufa kwa uzembe wake. Mimi nilikaa mbele yake, nakunywa chai yake, nikamwacha aamini.

Mwaka jana, joto lilipoanza kupungua, akang'oa vigae vya upande mmoja wa ukuta, akamwaga udongo mzuri, akazipanda zote thelathini na sita. Nilisikia habari hiyo nikakosa usingizi siku mbili. Hakuna iliyoota, na mimi peke yangu nilijua kwa nini.

Kisha, siku moja asubuhi, akanipigia simu. Alikuwa analia na kucheka pamoja. Boga limeota, alisema, lakini si kwenye tuta, bali upande wa pili wa nyumba, nyuma ya jiko, pale bomba la kiyoyozi linapodondosha maji. Sisimizi wameihamisha mbegu, hana shaka. Na limezaa. Isipokuwa limekuwa na umbo jingine, anadhani ni maji ya huku na udongo wa huku, basi nije nilione nimthibitishie.

Nilikwenda Ijumaa asubuhi. Sib ile iliyo karibu na uwanja wa ndege, mnajua, mnazungumza, ndege inapita, mnanyamaza, mnaendelea. Bi Thuwaiba alinipokea mlangoni amevaa kanga mpya, amejitia manukato. Alinishika mkono mpaka nyuma ya jiko bila kunikaribisha hata kukaa.

Lilikuwa jambo zuri kwa kweli. Mahali pale hapakuwa na kitu isipokuwa ukuta, mashine ya kiyoyozi, na mtungi wa gesi. Mmea ulikuwa umetambaa ukutani, umepanda juu ya mashine, umeuzunguka mtungi, maua ya manjano yamefunguka yote, nyuki wanaingia na kutoka. Maji yalikuwa yakidondoka, tone, tone, mbele ya mzizi. Maboga yalikuwa manne. Kijani kibichi kama bahari ya kina, madoadoa meupe, nundu huku na huku, chini manene na juu yamechongoka. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuletewa boga kama lile. Nilisahau kwa muda nimefuata nini pale.

Kisha vidole vyangu vikaenda vyenyewe kwenye kikonyo. Cha mviringo, kinene, laini. Nikatazama jani. Boga la pwani lina mabaka meupe kwenye mishipa ya jani, hilo halikuwa nayo, lilikuwa duara kama sahani. Mtu wa milimani kabisa. Si lile la Bibi Moza, wala halingekuwa lile, nilijua kabla sijatoka nyumbani.

Bi Thuwaiba akasema kuna dudu anamsumbua, kila asubuhi anakuta ncha changa zimeliwa, je, nina dawa? Nikainama. Dudu akila jani huacha kingo zilizotafunwa, au matundu, au utelezi. Zile ncha zilikuwa zimekatwa mara moja, safi, kwa kucha za kidole gumba na cha shahada, na zilikatwa na mtu ajuaye, maana aliacha ncha moja kila baada ya mbili ili mmea usichoke. Nikageuka. Mlangoni mwa jiko alikuwa amesimama Nakato na sinia la kahawa. Nakato ni mwanamke wa Uganda anayefanya kazi kwa Bi Thuwaiba, mwenye makamo ya miaka thelathini na kitu, ana watoto wawili kwao anaowalea kwa simu. Tulitazamana. Akateremsha macho kwenye vikombe.

Nikamwambia Bi Thuwaiba dudu huyo hana madhara.

Tukakata boga moja. Nakato alileta kisu. Niligusisha kipande ulimini: halikuwa chungu, lilikuwa tamu hata bichi. Mbegu zilikuwa nene, nyeupe, laini kama kokoto za ufukweni. Bi Thuwaiba alizichota kwa mikono miwili akazitia kifuani, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

Akaingia ndani akatoka na kifurushi. Kanga ile ile, imefifia, bado inanuka udi. Ndani hamkuwa na mbegu tena, mlikuwa na kile kikaratasi changu, kimekuwa cha manjano. Zimetibiwa. Ziko salama. Saini yangu na mkia wake wa madaha. Akanipa kikaratasi kipya na kalamu.

"Niandikie kama vile ulivyomwandikia mama," akasema. "Andika, Boga la Bibi Moza. Siku ya khitma yake nnataka nimpe kila mtoto wa ukoo mbegu tano tano, wa hapa na wa Unguja. Wajue ni lile lile." Kisha akasema polepole, "Mama kanisamehe, Rahma. Miaka yote hii nnamuomba, leo kanijibu."

Nataka mjue nilifikiri nini, kwa sababu na nyinyi mtasimama hapo siku moja. Nilifikiri: andika. Boga ni tamu, halimdhuru mtu. Mwanamke huyu ana miaka sabini na nne na ana furaha. Nani atakuja kushika kikonyo? Kalamu nilishaigusisha kwenye karatasi. Kisha nikakitazama kikaratasi cha zamani, nikaona kwamba msamaha anaoulilia ni wa kosa ambalo hakulitenda. Alikuwa amelibeba la kwangu. Na huyu aliyesimama na sinia alikuwa anaogopa kwa ajili ya mmea wake mwenyewe.

Nikaiweka kalamu chini.

"Bi Thuwaiba," nikamwambia, "mbegu za mama zilikufa mikononi mwangu. Zilikufa kabla hajazichukua."

Alinitazama kama niliyesema lugha asiyoijua. Nikamweleza yote, halwa, kipimajoto, zile tano nilizosema ni mbovu. Sikujipunguzia kitu. Ndege ikapita, nikangoja, nikaendelea. Nilipomaliza akauliza swali moja tu, kwa sauti ya mwalimu. Akauliza kama angezipanda mwaka ule ule mama yake alipofariki, zingeota? Nikasema zisingeota. Na kama mama mwenyewe angezipanda siku ile aliyotoka ofisini? Nikasema zisingeota hata moja.

"Sasa hili hapa nini?"

Halikuwa jambo langu la kujibu. Nakato aliweka sinia juu ya mashine ya kiyoyozi.

"Mama, ni mimi," akasema. "Ni mbegu za kwetu, mama yangu alinipa. Nilikuja nazo ndani ya soksi. Nilikuwa nataka majani tu, ya kupika. Huku hakuna. Nikaona pale maji iko, na watu hawapiti." Akavuta pumzi. "Wewe ulipofurahi sana, nikaogopa kusema. Sasa kama unanirudisha kwetu, khalas, lakini usikate mti."

Bi Thuwaiba alikaa kwenye ngazi ya jiko. Kidimbwi cha maji kilikuwa kimefika kwenye ndara zake naye hakuona. Nyuki walikuwa wakiendelea na shughuli zao na maua yakaanza kufumba, ilikuwa inakaribia adhuhuri.

"Miaka ishirini na mbili," akasema. "Kila nikimaliza sala nnamuomba radhi." Kisha akasema bila kunitazama, "Nenda kwako, Rahma."

Nilikwenda kwangu. Hakunipigia simu wiki ile wala mwezi ule, wala sikuthubutu kupiga mimi. Siku ya khitma ya mama yake sikualikwa. Binti yangu aliniuliza kwa nini nimesema, mtu kazi kishastaafu, si ningeliacha tu. Nilikuwa nakaa barazani asubuhi, nafumba macho, namwona Bibi Moza anahesabu mbegu juu ya meza yangu, thelathini na nne, thelathini na tano, thelathini na sita, anainua uso. Lakini safari hii nilikuwa namwambia. Kila asubuhi nilimwambia, naye kila asubuhi alifunga tu uzi wa kifurushi.

Kabla ya Ramadhani dereva wa Bi Thuwaiba alileta bakuli limefunikwa kwa karatasi ya fedha. Ndani mlikuwa na boga la nazi, lina iliki, limekolea. Pembeni yake kifurushi cha kanga ile ile kimefungwa kwa uzi mpya. Mlikuwa na mbegu kumi, nene, nyeupe. Na kikaratasi, kwa mwandiko wa mwalimu ulionyooka: Hizi usizichemshe.

Nilicheka mpaka nikalia, na nililia kweli. Kisha nikala boga lote peke yangu, kwa kijiko, nimesimama jikoni.

Nikazichukua tano, nikaziviringisha katika kitambaa kibichi, kama siku ile. Sikukaa mbali na kitambaa hicho. Nilikuwa nakigusa asubuhi, mchana na jioni kama mtu anayepima homa ya mtoto. Siku ya tano nikakifungua. Nikampigia simu Bi Thuwaiba. Aliitikia salamu, akangoja.

"Tano kwa tano," nikamwambia.

Nikasikia anasema na mtu jikoni, na yule mtu akacheka. Kisha akaniambia nije Ijumaa na kalamu yangu, mbegu zimekwisha kauka, watoto wa ukoo wanangoja mwandiko.

Nilikwenda; binti yangu alinipeleka, akalipiga boga zile picha zake tatu, akaenda zake. Mti ulikuwa umefika kwenye dirisha la juu, na ncha zake zilikuwa zimechumwa vizuri, mchana kweupe. Tulikaa watatu mezani, Nakato katikati, mbegu mbele yetu kwenye sinia la kahawa. Nilimwuliza kwao boga hili linaitwaje. Akasema lina jina la maboga yote, hakuna jina lake peke yake, ni la mama yake tu, na mama yake watu humwita Nalongo kwa kuwa alizaa pacha, yeye na mwenzake. Bi Thuwaiba akasema basi ndilo jina.

Niliandika vikaratasi ishirini, mkono ukawa unauma. Kwenye kila kimoja niliandika: Boga la Nalongo. Chini yake: Zimejaribiwa tano, zimeota tano. Nikatia saini.